Uzi: Gunia moja, milango mitano. Tulivyopunguza pesa ya matumizi hapa Kisauni, Mombasa

BintiKisauni

Asalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, nawaomba mnivumilie, na mwenye njia bora kuliko yangu aiweke hapa tufaidike sote.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani iliyopita, pesa ya matumizi iliniishia tarehe 19. Hakuna aliyeugua, hatukupata mgeni, wala sikununua hata leso. Tuko sita nyumbani: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mume wangu anaendesha tuktuk, mimi nashona nguo. Usiku ule nilikaa kitako nikajaribu kukumbuka pesa imekwenda wapi, nikashindwa. Kesho yake nikachukua daftari la mwanangu lililobaki kurasa nikaanza kuandika kila shilingi inayotoka mkononi, hata ya kiberiti.

Baada ya siku 30 nilishtuka. Samaki, nyama na ada ya madrasa, vile nilivyokuwa nikivilaumu siku zote, havikuwa na kosa. Pesa ilikuwa inakwenda kwa mtoto anayetumwa dukani. "Kimbia ulete sukari ya kumi." "Lete mafuta ya ishirini." Asubuhi sukari ya kumi, jioni ya kumi tena, mgeni akipita ya kumi nyingine. Kuna siku nimeandika safari saba za duka. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo, na gogo langu lilikuwa linabanduliwa kwa shilingi kumi kumi.

Nikaenda kwa jirani anayepika keki, ana mizani. Sukari ya kumi ilikuwa gramu 50. Kwa hiyo kilo nzima nainunua shilingi 200, na kilo hiyohiyo ukichukua nusu gunia kule mjini ilikuwa 144. Mafuta ya ishirini nikayamimina kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi chenye alama, mara mbili tatu, yakawa mililita 60. Lita moja ikawa zaidi ya 330! Mtungi wa lita 10 kwa bei ya jumla ulikuwa 2,450, yaani 245 kwa lita. Mchele wa kupima ulikuwa 130 kwa kilo. Gunia la kilo 25 lilikuwa 2,750, kilo ikawa 110.

Niliumia, wallahi. Sisi tusio nacho ndio tunaonunua ghali kuliko wote. Mwenye gari anayepakia vitu vya mwezi mzima anakunywa chai ya sukari ya 144, mimi ninayehesabu sarafu nakunywa ya 200.

Kila anayetoa ushauri husema nunua kwa jumla. Kwa pesa gani? Mume wangu haleti mshahara, analeta kilichopatikana siku hiyo. Siku nitakayokuwa na 2,750 mkononi, basi hiyo ni kodi ya nyumba imesimama inanitazama.

Tunakaa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, milango mitano ya wapangaji. Sote tunatuma watoto duka lilelile. Nikawaita wenzangu barazani nikawasomea daftari langu, bila kuficha. Tukakubaliana kila mlango utoe shilingi 100 kila siku baada ya Maghribi. Siku saba, milango mitano, ni 3,500.

Wiki ya kwanza tulinunua gunia la mchele, ikabaki 750. Wiki ya pili mtungi wa mafuta. Wiki ya tatu, ukijumlisha na baki, tulikuwa na 5,300. Tukachukua nusu gunia la sukari, kilo 25, kwa 3,600. Wiki ya nne tulikuwa na 5,200, ikatosha gunia la pili la mchele na mtungi wa pili wa mafuta, ikaisha sawasawa bila senti kubaki. Michango ya siku mbili tatu zinazozidi 28 ndiyo nauli na pesa ya mkokoteni.

Kila mlango ulipata mchele kilo 10, mafuta lita 4 na sukari kilo 5 kwa shilingi 2,800. Vitu hivyo hivyo kwa vipimo vya mtaani vingenigharimu kama 3,630. Zaidi ya mia nane imebaki ndani kabla ya kutoa nauli na mkokoteni, kwa vitu vitatu tu, na sijamnyima mtu sahani. Tumeshafanya miezi minne. Nauliza: ni vitu gani vingine vinavyofaa kununuliwa hivi, na vipi havifai? Na nyinyi mnafanyaje?

Kibarua_Kilindini

Waleikum salaam dada. Hongera kwa daftari, mimi nisingethubutu kulisoma mbele za watu.

Lakini niseme la moyoni. Mimi ni kibarua. Alfajiri tunasimama langoni, wakihesabu watu ukabaki nje, unarudi nyumbani mikono mitupu na nauli umeshatoa. Wiki nyingine napata siku tano, nyingine mbili. Siku ya mikono mitupu, hiyo sukari ya kumi unayoisema vibaya ndiyo inayonisitiri mbele ya watoto. Mia ya kila jioni sina hakika nayo.

La pili ni uaminifu. Nilicheza mchezo na watu tisa, 2,000 kila mmoja kwa mwezi, zamu yangu ya nane. Nimechanga miezi saba, mshika pesa akaanza kusema kesho, kesho kutwa, mwisho akahama mtaa. Shilingi 14,000 za jasho. Mke wangu tangu siku ile neno mchezo halitaki masikioni mwake. Nyinyi mnamwekea nani pesa?

BintiKisauni

Kaka, pole sana. Maswali yako yote mawili tuliyakuta njiani.

Mlango wa nne wetu ni mama mjane anayeuza uji asubuhi. Mia ilimshinda. Tukasema atoe 50, apimiwe nusu ya wenzake. Mizani haina upendeleo, na hakuna anayemtazama vibaya. Siku akikosa kabisa, anafidia anapopata, na asipofidia fungu lake linapungua kwa kiasi hichohicho. Tunaandika ukutani kwa chaki, kila anayepita ukumbini anaona. Pengo lake la 50 lilichukuliwa na binti wa nyumba ya pili aliyetaka kuingia.

Kuhusu mshika pesa, hapo ndipo mchezo wa kawaida na huu wetu vinapoachana. Katika mchezo, pesa inakua mkononi mwa mtu mpaka inamshawishi. Kwetu haijawahi kulala zaidi ya siku saba ila ile baki ndogo, na mshikaji hubadilika kila wiki. Ijumaa jioni inahesabiwa mbele ya wote, Jumamosi asubuhi wanakwenda wawili kununua, kamwe hatumtumi mmoja. Ikishakuwa mchele haikopesheki kwa simu wala haitumwi kwa ndugu mwenye shida huko kwao.

Na sukari ya kumi sikuisema vibaya kwa anayeinunua. Naisema kwa kuwa mimi mwenyewe niliinunua miaka kumi na mmoja bila kuipima.

DukaLaKona

Salaam. Mimi ndiye huyo mwenye duka, si la Kisauni lakini kazi ni moja. Naomba nisikizwe.

Ile tofauti ya 144 na 200 haiingii mfukoni mwangu yote. Gunia la kilo 50 nikilifunga vijipakiti vya gramu 50 ni vijipakiti elfu moja. Kuna kijana anayefunga, kuna karatasi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 tumezoea karatasi na karatasi ni pesa. Kuna sukari inayomwagika na inayoshika unyevu, hasa mvua za masika. Lakini kubwa kuliko yote ni daftari la madeni, na hili watu hawalijui. Nina daftari lenye majina ya mtaa mzima. Wengine hulipa, wengine huhama usiku. Asiyelipa, sukari yake inalipwa na yule anayekuja na kumi yake taslimu kila asubuhi. Sina furaha kulisema, lakini ndivyo duka linavyobaki wazi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye familia: kama una deni dukani, limalize kwanza, hata kwa shilingi 20 kwa siku, halafu mwambie mwenye duka, "Mimi sikopi tena, kila Jumamosi nitakuja na pesa ya wiki, nipimie kilo kwa mizani." Mimi mteja wa namna hiyo humtolea bei nyingine kabisa, kwa sababu ananipunguzia kazi na hofu. Si lazima kwenda mjini kwa kila kitu. Mkiwa milango mitano mkija kwangu kwa pamoja nitawaletea gunia kwa faida ndogo, na nauli ya mkokoteni mtaiokoa.

BintiKisauni

Ahsante kwa ukweli wako, mwenye duka. Hili la daftari la madeni sikuwahi kulifikiria hivyo. Jumamosi hii tutamuuliza wa kwetu bei ya gunia kabla ya kupanda matatu.

MamaPacha_Changamwe

Dada nimekupenda bure! Mimi pia nina daftari, mwaka wa pili sasa. Nitoe niliyoyaona, mazuri na yaliyonishinda.

Mahamri. Kila mtu huniambia, "Pika nyumbani, acha kununua." Nilipika mwezi mzima nikiandika. Kilo moja ya ngano ilinitolea mahamri 30. Ngano 90, nazi 40, sukari 30, hamira na iliki 20, mafuta yaliyokwisha kwenye karai kama 60, makaa 40. Jumla 280. Dukani mahamri 30 yalikuwa 300. Nimeamka saa kumi usiku kuokoa shilingi 20! Nikaacha. Kama una mafuta na sukari za gunia, hesabu yako itakuwa nzuri kuliko yangu, lakini bado kazi ni kubwa kuliko faida. Kilichonisaidia ni kubadilisha chakula chenyewe: siku tatu kwa wiki tunakunywa uji na kula muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu, siku mbili mkate, mahamri na mbaazi ni Jumamosi na Jumapili. Watoto walinuna wiki ya kwanza, sasa wanazisubiri Jumamosi.

Unga. Hapa kuna faida ya kweli. Mnakumbuka 2022 paketi ya kilo 2 ilipopita shilingi 200, hadi serikali ikashusha bei kwa ruzuku hadi 100 Julai ile, na madukani haionekani? Ndipo nilipoanza kununua mahindi na kupeleka kinuni. Nasaga kwa kuchanganya, mengine nakoboa, mengine dona. Sima ya dona inashibisha haraka na hata kiasi cha unga kinapungua.

Ila tahadhari, na hili nalisema kwa uzito. Usinunue mahindi kwa bei peke yake. Tia mkono ndani ya gunia hadi chini. Yakiwa na ubaridi wa unyevu, yana harufu ya kuvu au punje zimebadilika rangi, ondoka hata kama ni nusu bei. Sumukuvu haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Mwaka 2004 huko Ukambani watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi yaliyoota kuvu. Nyumbani nayaanika juani kwenye turubai kabla ya kusaga, na sisagi zaidi ya unga wa wiki mbili, kwa joto hili letu unga unachacha.

MchuuziSamaki_MjiWaKale

Hamjambo. Nimeona samaki ametajwa kwamba hana kosa, nikafurahi. Lakini mnaweza kumpata kwa bei nzuri zaidi mkijua upepo.

Wakati wa kaskazi, tuseme Desemba hadi Machi, bahari imetulia na hata mwenye ngalawa anatoka. Samaki ni wengi, bei inashuka. Ikiingia kusi, kuanzia Aprili kwenda hadi Septemba, bahari inachafuka, mashua ndogo zinakaa, na wewe ukija na pesa ileile ya Februari utadhani nimekuibia. Kwa hiyo familia inayotaka kuokoa pesa, ile samaki kwa wingi kaskazi, na ikaushe wa kuweka. Ng'onda wa kupasua na kutia chumvi si kazi ngumu, bibi zetu wote walijua. Kusi ikija unatoa kipande kimoja, unakitia kwenye mchuzi wa nazi, nyumba nzima inanukia.

Acheni pia kung'ang'ania nguru na changu. Vibua, simu, dagaa ni samaki wazima, wana mafuta, na kwa fungu la 100 familia inakula. Kichwa cha kolekole mkubwa watu wa mahoteli hawakitaki. Kina nyama mashavuni na kinatoa supu ya watu sita. Tazameni macho yawe angavu na mashavu ya kupumulia yawe mekundu. Jioni bei huwa chini kwa sababu barafu inayeyuka, lakini ukinunua jioni kaanga au banika usiku huohuo, usilaze.

Kwenye gunia lenu, samaki asiingie. Mbichi hagawanyiki kwa haki: huyu kapata mkia, yule tumbo. Mtagombana.

BintiKisauni

Kweli kabisa, ami. Tulijaribu nyanya, kreti nzima kutoka soko la Kongowea, na ndilo kosa letu kubwa la miezi minne. Tuliamka alfajiri tukapata bei nzuri sana, za Taveta, ngumu nyekundu. Siku ya tatu za juu zikaanza kutoa maji, siku ya tano theluthi nzima tumetupa. Joto la Mombasa halikuacha tuzimalize. Vitunguu vilienda vizuri kidogo kwa kuwa tulivining'iniza ndani ya neti karibu na dirisha, lakini masika yakija navyo vinaota na kuoza. Kwa hiyo mimi sasa nasema kikavu ndicho cha gunia. Mboga na nyanya nanunua kila baada ya siku mbili, kwa mama mboga yuleyule, na kwa kuwa ni yuleyule huniongeza kiganja.

MamaPacha_Changamwe

Na fukusi je? Mchele wangu wa gunia niliukuta unatembea.

BintiKisauni

Sisi hatuweki gunia. Siku linapofika ndiyo siku linapogawanywa, kila mtu anaondoka na kilo zake tano, zinaliwa wiki mbili. Fukusi hapati nafasi ya kuzaa. Hii ni faida nyingine ya kuwa wengi. Mimi nautia kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na nikiona hata mmoja nauanika juani kwenye uteo saa mbili hivi, wanakimbia wenyewe.

Bibi_Likoni

Wanangu, nimesomewa uzi huu wote na mjukuu wangu, na yeye ndiye anayeandika. Nawaombea kheri.

Mmetaja nazi na mkapita. Nazi ndiyo nyumba ya Mswahili, lakini nyinyi mnaikuna, mnakamua mara moja, mnatupa. Mimi nazi moja inanipikia vyungu viwili. Tui la kwanza, kasimile, naliweka kando. La pili na la tatu ndiyo nachemshia maharagwe au pojo, au napikia wali. Kasimile nalitia mwisho, mboga imeshaiva, nakoroga kidogo naepua. Mlaji hajui kama ni nazi moja au mbili. Chicha inakwenda kwa kuku, na inayobaki nasugulia sufuria, inang'oa masizi. Vifuu navianika. Moto wa vifuu ni mkali, navitumia kuwashia makaa badala ya mafuta ya taa, na chai ya asubuhi naichemsha kwa vifuu vitupu bila kugusa makaa. Mnunuzi wa nazi anayetupa kifuu ametupa kuni alizokwisha kulipia.

Maharagwe yalazwe majini usiku kucha. Asubuhi yachemshe robo saa kwa moto mkali, funika, kisha utie sufuria ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu, ulifunge vizuri. Ukirudi adhuhuri yameiva bila jiko. Ukikuta bado, dakika chache za moto zinamaliza.

Na mboga za majani. Mchicha, mnavu, mchunga, hivi vinaota hata penye kopo lililotobolewa. Mimi nina makopo tisa mlangoni na namwagia maji ya kuoshea mchele.

Mjini nakwenda kwa miguu kupitia feri, wa miguu hatulipi. Nafika Marikiti alasiri, wauzaji wanataka kwenda nyumbani, fungu la hamsini linakuwa thelathini. Asubuhi siendi ila kwa bizari.

BintiKisauni

Shikamoo bibi. Mjukuu wako tunamshukuru kwa kuandika. Nimewaita wenzangu ukumbini nikawasomea hili la kasimile. Mlango wa kwanza, ambao wanakula nazi mbili kila siku, wameanza jana.

Bibi_Likoni

Marahaba mwanangu.

FundiStima_Tudor

Nichangie kwa stima na gesi, kwa ufupi.

Kugawana gunia ni faida, lakini kugawana mita ni hasara, na watu wengi wa nyumba za Kiswahili hawalijui. Tangu Aprili 2023 bei ya stima za majumbani iko ngazi tatu: anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa chini, wa 30 hadi 100 hulipa kati, anayepita 100 hulipa juu. Milango mitano ikiwa kwenye mita moja, kila mmoja akitumia uniti 25 tu, mita inaona 125 na nyote mnalipa bei ya tajiri mwenye kiyoyozi. Mkiweza kumshawishi mwenye nyumba kila mlango upate mita yake, fanyeni.

Kinachokula ni kile kinachotoa joto: pasi, birika, jiko la koili. Pasi ya wati 1,000 kwa saa moja ni uniti nzima. Feni ya wati 60 utalala nayo usiku mara mbili kwa uniti hiyo. Pigeni pasi sare za wiki zote Jumapili, mara moja.

Gesi iliondolewa kodi ya VAT Julai 2023, kwa hiyo waliokimbilia makaa wakati ule wa 2021 na 2022 warudie hesabu zao. Na usiondoke dukani bila kupima mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chenyewe. Ongeza kilo 6 au 13, mizani isome hivyo. Mwenye duka akikataa kupima, nenda kwa mwingine.

MamaPacha_Changamwe

Kwa maji nami niongeze neno moja. Huku kwetu mabomba yakikauka tunanunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni. Maji ya kisima ni nusu bei, nikawa nayanunua kwa kufua. Daftari likaniambia mwezi ule sabuni imepanda karibu mara mbili. Maji ya chumvi hayatoi povu, unasugua mche mzima kwa nguo chache. Sasa ya kisima ni ya sakafu na choo, nguo nafulia ya bomba na maji ya kusuuzia nayatumia tena kwa matambara. Sabuni nanunua mche mrefu, naukata vipande, naviacha rafuni wiki mbili vikauke. Iliyokauka hailiki haraka kama mbichi.

Kibarua_Kilindini

Narudi baada ya wiki tano. Niliusoma uzi huu kwa mke wangu. Alisema neno mchezo lisitajwe, kwa hivyo hatukuliita hivyo. Tumekuwa milango mitatu tu, mia kwa anayeweza, hamsini kwangu. Tulianza na kitu kimoja, mafuta, tukaenda watu watatu kununua, kila mlango na mtu wake.

Wiki ya tatu nilikosa kazi siku nne mfululizo. Chaki ukutani ikabaki na nafasi nne tupu mbele ya jina langu, na nikadhani watanitoa. Siku ya kupima, jirani akamimina fungu langu polepole, akalipunguza kwa siku zile nne kama tulivyoandikiana, akanipa chupa yangu. Mke wangu aliipokea mwenyewe. Usiku ule aliniuliza gunia la mchele ni shilingi ngapi.

BintiKisauni

Mwambie lilikuwa 2,750, kaka, na kwa milango mitatu msingoje wiki moja, hesabuni wiki mbili. Jumamosi tunakwenda mjini. Mkitaka tuwaulizie bei ya leo, nitaiweka hapa jioni.